Mwanao anaandika programu? Mfunze adabu kabla hajaitoa mtandaoni

Duka la dawa limefungwa saa tatu usiku. Mama amehesabu mauzo, ameweka daftari la madeni juu ya meza, na kijana wake wa kidato cha tatu amefungua kompyuta. Kwa wiki mbili amekuwa akiandika programu ya kuchukua nafasi ya daftari hilo: jina la mteja, namba ya simu, dawa aliyochukua na kiasi anachodaiwa.

Usiku huu programu imemshinda. Mteja aliyekopa dawa ya shilingi 5,000 na nyingine ya shilingi 2,000 anaonekana kudaiwa shilingi 50,002,000. Kijana amejaribu kila analolijua. Mwishowe anaamua kufanya wanachofanya wanaojifunza programu duniani kote: kuwaonyesha watu wa mtandaoni alichoandika ili wamsaidie.

Anachukua folda nzima, pamoja na faili lenye majina halisi ya wateja wa mama yake, na kujiandaa kuiweka mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma. Ujumbe wake ni mfupi: "Jamani programu yangu haifanyi kazi. Nisaidieni haraka."

Huo ni mfano tu, lakini mambo yaliyomo yanaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye mtoto anayejifunza programu, iwe kwenye klabu ya shule, chuoni au kwa kutazama video kwenye simu. Mzazi ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja huenda akadhani hana la kumwambia mtoto huyo. Analo. Karibu kila adabu inayotakiwa hapo ni ile anayoifundisha nyumbani kila siku: usitoe nje siri za watu, usichukue cha mwenzio bila kusema, ukiomba msaada jieleze vizuri, na ukisaidiwa shukuru.

Msimbo ni nini, na kwa nini hutolewa bure

Msimbo ni maandishi ya maelekezo yanayoiambia kompyuta nini cha kufanya. Vijana wengi huuita "kodi", ingawa hauhusiani na mamlaka ya mapato. Kila programu iliyo kwenye simu yako ilianza kama maandishi ya aina hiyo, yaliyoandikwa na mtu mstari kwa mstari.

Waandishi wa programu wana desturi ya zamani ya kuonyeshana maandishi hayo. Leo hufanya hivyo zaidi kupitia huduma kama GitHub, ambako mtu huweka mradi wake wote ili wengine wausome na kupendekeza marekebisho, na Stack Overflow, ambako huulizana maswali na kujibiana. Zote mbili zilianza mwaka 2008. Hapa kwetu, makundi ya WhatsApp na Telegram nayo hutumika kwa kazi hiyo hiyo.

Faida ya desturi hiyo huenda unayo mkononi sasa hivi. Agosti 1991, mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, aliwaandikia wenzake mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta kama jambo la kujifurahisha tu. Aliwaomba wamweleze wanapenda nini na hawapendi nini katika mfumo mwingine uliokuwapo. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Linux, na leo ndiyo kiini cha kila simu ya Android.

Sekta ya afya nayo imenufaika. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, ulianza mwaka 2004, na sehemu kubwa ya msukumo wake ilitokana na huduma za wagonjwa wa VVU mjini Eldoret, Kenya. DHIS2, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, hutumika Tanzania, Kenya na Uganda kukusanya takwimu kutoka vituo vya afya. Nao msimbo wake uko wazi.

Kwa hiyo mtoto anayetaka kutoa msimbo wake hadharani hafanyi utundu. Anaingia kwenye desturi nzuri. Kinachotakiwa ni kuingia kwa adabu.

Kwanza, siri za watu zibaki nyumbani

Kosa kubwa la kijana wa duka la dawa halipo kwenye hesabu ya madeni. Lipo kwenye lile faili la wateja.

Mtu akijua kwamba mama fulani, mwenye namba fulani ya simu, huchukua dawa fulani kila mwezi, tayari ameijua hali yake ya kiafya. Dawa hutaja ugonjwa. Mteja huyo alimwamini muuza dawa, wala hakukubali jina lake lisomwe na watu asiowajua.

Sheria nayo imelisemea jambo hilo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada.

Dawa yake ni rahisi. Anayetaka kuonyesha programu hutengeneza data za uongo: "Mteja A", "Mteja B", namba ya simu ya sifuri tupu, "Dawa 1", "Dawa 2". Programu haijali kama jina ni la kweli. Tatizo la hesabu litaonekana vile vile.

Siri ya pili ni maneno ya siri. Programu nyingi huunganishwa na huduma nyingine, kwa mfano ya malipo kwa simu, ya kutuma ujumbe mfupi au ya ramani. Kila huduma humpa mwandishi ufunguo wake, yaani mlolongo mrefu wa herufi na namba unaothibitisha kwamba ni yeye. Anayeupata ufunguo huo anaweza kutuma ujumbe au kutumia huduma hiyo kwa jina na gharama za mwenyewe.

Wanaoanza huuandika ufunguo huo ndani ya msimbo kwa sababu ndiyo njia fupi. Adabu ya kazi ni kuuweka kwenye faili la pembeni, kisha kuliandika jina la faili hilo kwenye orodha iitwayo .gitignore, ambayo huizuia kompyuta kulipeleka mtandaoni pamoja na mengine. Mzazi hahitaji kujua namna ya kufanya. Inatosha kuuliza: "Maneno ya siri umeyaweka wapi?"

Hata wakubwa hunaswa hapo. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia sehemu ya GitHub iliyotumiwa na wahandisi wa kampuni ya Uber na kukuta humo funguo za kuingilia hifadhi ya data. Waliondoka na taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Sehemu hiyo ilikuwa ya faragha, wala haikuwa wazi kwa umma. Kama ya faragha ilivuja, iliyo wazi itakuwaje?

Siri ya tatu ni za mtoto mwenyewe. Git, chombo ambacho waandishi wengi hukitumia kutunza matoleo ya kazi zao, huandika jina na barua pepe ya mwandishi kwenye kila toleo. GitHub ina mpangilio wa kuificha barua pepe hiyo na kutumia nyingine ya mbadala. Mtoto auwashe kabla ya kutuma chochote. Vilevile, jina la shule, picha akiwa na sare na mtaa anaoishi havina kazi kwenye mradi wa hesabu za madeni.

Kumbuka pia kwamba GitHub haimruhusu mtoto chini ya miaka 13 kufungua akaunti. Aliye mdogo zaidi ana mahali pake. Scratch, iliyotengenezwa katika taasisi ya MIT nchini Marekani na kuzinduliwa mwaka 2007, ilibuniwa kwa ajili ya watoto na humruhusu kuwaonyesha wenzake michezo na katuni alizotengeneza.

Kikishatoka, kukifuta hakutoshi

Mzazi akigundua kosa, jambo la kwanza atakalosema ni "futa haraka". Afute, ndiyo, lakini asiishie hapo.

Git ilibuniwa mwaka 2005 na Torvalds yule yule, na sifa yake kubwa ni kwamba haisahau. Kila toleo la kazi hubaki kwenye kumbukumbu. Mtoto akifuta neno la siri leo na kutuma toleo jipya, la jana bado lipo, na mtu anaweza kurudi nyuma akalisoma. Tena wapo wanaotumia programu za kupekua kurasa za wazi mchana na usiku wakitafuta funguo zilizosahaulika.

Kwa hiyo ufunguo ukishatoka hadharani uhesabiwe kuwa umeibwa. Hatua ya kwanza ni kuingia kwenye huduma husika, kuubatilisha na kuomba mwingine. Kusafisha ukurasa kunafuata. Ni sawa na kupoteza ufunguo wa nyumba sokoni: unabadilisha kitasa kwanza, mengine baadaye.

Kwa majina ya wagonjwa au wateja hakuna kitasa cha kubadilisha. Ndiyo maana ukaguzi lazima ufanyike kabla ya kutuma.

Jieleze kama mgonjwa kwa daktari

Baada ya siri kuwa salama, inakuja namna ya kuomba. Hapa ndipo vijana wengi huvunjika moyo, kwa sababu huuliza vibaya, hawajibiwi, kisha huamini kwamba watu wana roho mbaya.

Mgonjwa akiingia kwa daktari akasema tu "naumwa, nipe dawa haraka", daktari hawezi kumsaidia. Atauliza: wapi panauma? Tangu lini? Umeshameza nini? Anayesoma msimbo wa mtu mwingine ana maswali hayo hayo, ila tofauti na daktari, yeye halipwi. Anajitolea baada ya kazi yake, pengine katika nchi ambayo wakati huo ni saa nane usiku. Neno "haraka" kwake ni kama mtu kugonga mlango wa jirani usiku na kumwamuru aamke.

Ombi zuri lina mambo manne: nilikuwa nafanya nini, nilitarajia nini, nimepata nini, na nimeshajaribu nini. Kisha hufuata sehemu ndogo ya msimbo inayoonyesha tatizo, wala si folda nzima.

Kijana wa duka la dawa angeweza kuandika hivi:

"Habari zenu. Najifunza Python, nina miezi minne. Nasoma bei mbili kutoka kwenye faili na kuzijumlisha. Nilitarajia 7000, napata 50002000. Nimebadilisha mpangilio wa faili na kuondoa alama za koma kwenye bei, jibu bado ni lile lile. Mistari hii mitatu inaonyesha tatizo:

bei1 = "5000"
bei2 = "2000"
print(bei1 + bei2)

Natumia Python 3 kwenye Windows. Naomba mnielekeze nimekosea wapi."

Ujumbe huo hauna jina la mteja hata mmoja. Anayeujua Python atauelewa kwa sekunde kumi: kompyuta imezichukua bei hizo kama maneno, na maneno yakijumlishwa hubandikwa pamoja, 5000 ikafuatiwa na 2000. Tiba ni kuiambia kompyuta kwamba hizo ni namba, kwa neno moja fupi la Python, int.

Kuna adabu nyingine ndogo zinazomsaidia msomaji. Msimbo utumwe kama maandishi, usitumwe kama picha ya skrini, wala picha ya kompyuta iliyopigwa kwa simu. Picha haiwezi kunakiliwa ili mtu aijaribu kwenye kompyuta yake, na asiyeona vizuri anayetumia programu ya kumsomea hataipata kabisa. Ujumbe wa kosa ambao kompyuta imeutoa unakiliwe wote kama ulivyo, kwa sababu mara nyingi hutaja hata namba ya mstari wenye tatizo. Mistari ipangwe vizuri. Katika Python nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari ina maana yake, na ikivurugika programu huvurugika pia.

Kabla ya yote, mtoto atafute kwanza kama swali lake limeshajibiwa. Maswali ya wanaoanza hufanana. Kuuliza lililojibiwa mara hamsini ni kama kuuliza njia huku umesimama chini ya kibao.

Kama ni kazi ya shule, aseme kwamba ni kazi ya shule. Wengi watamwelekeza bila kumfanyia, na hilo ni kwa faida yake. Kama sehemu ya msimbo imeandikwa na akili mnemba, alisema hilo pia. Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kutoka, Stack Overflow ilizuia majibu yaliyotengenezwa nayo kwa sababu mengi yalionekana sahihi kwa macho huku yakiwa na makosa. Mtu anayejitolea muda wake ana haki ya kujua anasahihisha kazi ya nani.

Mzazi anaweza kuwa bata

Waandishi wa programu wana utani wa siku nyingi: ukikwama, weka bata wa plastiki mezani, umweleze programu yako mstari kwa mstari. Bata hajui lolote na hajibu. Lakini anayeeleza hulazimika kupanga mawazo, na mara nyingi hufika mstari wa saba akajishika kichwa: "Ahaa, kumbe hapa!"

Hii ndiyo nafasi ya mzazi asiyejua programu. Mama wa duka la dawa anaweza kukaa pembeni ya mwanawe kwa dakika kumi na kusema, "Nieleze tangu mwanzo, inafanya nini?" Aulize maswali ya mtu asiyejua: hii namba imetoka wapi? Umejuaje kuwa kompyuta imeiona kama namba? Mtoto anayeweza kumweleza mama yake tatizo lake ataweza kulieleza kwa watu wa mtandaoni. Pengine hatahitaji tena kuwauliza.

Dakika hizo kumi zina faida nyingine. Ndizo ambazo mama ataona jina la mteja wake kwenye skrini na kushtuka: "Huyu si mama wa pale kona? Na hili litaenda mtandaoni?"

Cha mwenzio kitaje

Msimbo kuwa wazi haimaanishi kwamba hauna mwenyewe. Anayeuandika ana hakimiliki, na kama hakuweka ruhusa yoyote, wengine hawana haki ya kuuchukua na kuutumia wapendavyo kwa sababu tu wameuona.

Ruhusa hiyo huitwa leseni, na kwa kawaida huwa faili moja ndani ya mradi. Leseni ya MIT ni fupi: tumia upendavyo, mradi tu ubakize tangazo la hakimiliki na leseni yenyewe. Leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, inaongeza sharti: ukiusambaza mradi ulioujenga juu ya msimbo huo, nawe utoe msimbo wako kwa masharti yale yale. Majibu ya Stack Overflow nayo yana leseni inayotaka mwandishi atajwe.

Mtoto anayechukua mistari ishirini ya mtu aandike juu yake imetoka wapi na kwa nani. Scratch huwafundisha watoto jambo hili bila mahubiri. Mtoto akichukua mchezo wa mwenzake na kuubadilisha, ukurasa wenyewe huonyesha jina la aliyeuanzisha.

Upande wa pili, akitoa kazi yake aiwekee leseni, na aandike ukurasa mfupi wa maelezo: programu inafanya nini, inawashwaje, na nini bado hakifanyi kazi. Kukiri palipo na kasoro ni heshima kwa atakayekuja kuitumia. Kama ni programu inayohusu dawa au vipimo vya afya, onyo hilo ni la lazima. Mtu asije akapanga dozi ya mtoto wake kwa kutumia zoezi la mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Majibu makali yakija

Hata aliyeuliza kwa adabu anaweza kujibiwa vibaya. Mtu mzima huenda akacheka na kupita. Mtoto wa miaka 15 aliyekesha wiki mbili akijenga kitu cha kumsaidia mama yake, akaambiwa mbele ya watu kwamba kazi yake ni takataka, anaweza kufunga kompyuta asiifungue tena.

Tatizo hili linajulikana ndani ya jamii hizo zenyewe. Mwaka 2018 Stack Overflow ilikiri hadharani kwamba watu wengi, hasa wanaoanza na wanawake, waliiona kama mahali pasipowakaribisha, na mwaka huo huo ikaweka kanuni mpya za mwenendo. Septemba ya mwaka huo Torvalds, aliyejulikana kwa maneno makali kwa waliomtumia msimbo usiomridhisha, aliomba radhi, akasema atachukua likizo fupi na kutafuta msaada wa kuelewa hisia za watu. Mradi wa Linux nao ukapata kanuni za mwenendo. Aliyeanza mwaka 1991 kwa kuuliza kwa unyenyekevu alihitaji miaka 27 kusema kwamba amewaumiza watu.

Mzazi amsaidie mtoto kutenganisha vitu viwili. "Mstari wa nne una kosa, bei zako ni maneno" ni ukosoaji wa kazi, hata kama hauna salamu. Watu wengi mtandaoni huandika kwa mkato bila nia mbaya. "Wewe huna akili" ni tusi. La kwanza lijibiwe kwa shukrani na marekebisho. La pili lisijibiwe, liripotiwe kwa wasimamizi, na mtoto aondoke hapo usiku huo.

Dalili za kuangalia si ngeni kwa mzazi: mtoto kukosa usingizi, kutazama simu kila dakika kuona kama amejibiwa, kukasirika ovyo, au kuacha ghafla kitu alichokipenda. Utaratibu mmoja husaidia: swali litumwe mchana, na kompyuta ifungwe saa moja kabla ya kulala. Jibu litasubiri.

Ajihadhari na anayemwita pembeni

Msaada wa kweli hutolewa mbele ya wote, ili na wengine wajifunze na makosa yasahihishwe. Anayemwambia mtoto "njoo faragha nikusaidie", kisha akaomba neno la siri, fedha, picha zake, au ruhusa ya kuiendesha kompyuta yake kutoka mbali, asipewe hata kimoja. Mtoto asiwashe faili asilolielewa lililotumwa na mtu asiyemjua, hata kama ameambiwa ndilo jibu.

Mtoto ajue kwamba akikutana na hali hiyo anaweza kumwambia mzazi bila kunyang'anywa kompyuta. Anayeogopa adhabu huficha. Tanzania na Kenya pia zina namba ya bure ya simu kwa ajili ya watoto, 116, ambayo mtoto au mzazi anaweza kuipiga kuomba ushauri au kutoa taarifa.

Maswali sita kabla ya kutuma

Mzazi anaweza kuyaandika kwenye karatasi na kuibandika karibu na kompyuta:

1. Kuna jina, namba ya simu au taarifa ya mtu halisi humu?
2. Maneno ya siri na funguo viko wapi?
3. Umepunguza msimbo hadi mistari inayoonyesha tatizo tu?
4. Umeeleza ulichotarajia, ulichopata na ulichojaribu?
5. Kuna sehemu si yako? Umemtaja mwenyewe?
6. Ungeusoma ujumbe huu kwa sauti mbele ya mwalimu wako?

Kuna adabu moja ya mwisho, na ndiyo husahaulika zaidi: kurudi. Aliyesaidiwa arudi pale pale alipouliza, aseme jibu lipi limefanya kazi, na ashukuru. Akigundua mwenyewe, aandike alivyogundua. Asifute swali lake baada ya kupata alichotaka, kwa sababu kuna mtoto mwingine, pengine Mwanza au Mombasa, ambaye mwezi ujao atakwama mahali hapo hapo na kulitafuta.

Kijana wa duka la dawa akifuata hayo, deni la mteja wake litarudi kuwa shilingi 7,000. Faili la wateja halitakuwa limetoka kwenye kompyuta ya mama yake. Na chini ya swali lake mtandaoni kutakuwa na mstari mmoja alioongeza mwenyewe: "Asanteni, nimeweka int kwenye bei zote mbili, sasa inajumlisha vizuri."